Tanzania na Kenya, wapi mtandao wa simu unashika zaidi? Naenda na mzigo mpaka Marsabit

VitunguuSwaumu:

Wakuu habari za muda huu.

Mimi nafanya biashara ya vitunguu, vile vyekundu vya kawaida sio swaumu, jina la humu nililichagua bila kufikiri basi likanikaa. Nachukua mzigo Mang'ola, msimu mwingine nachukua Singida, napeleka Nairobi kupitia Namanga, huu mwaka wa nne sasa. Juzi nikapata oda ya kupeleka gari moja mpaka Marsabit kule kaskazini mwa Kenya, sijawahi kufika zaidi ya Nairobi kwa iyo nikawa namuuliza mteja wangu mmoja wa pale Nairobi kuhusu barabara na mambo ya mawasiliano. Jamaa akacheka, akaniambia "nyinyi Watanzania ndio mna shida ya network, huku kwetu ukiwa na laini moja unapiga simu ata ukiwa porini na simba". Tukabishana karibu nusu saa mpaka vitunguu vikataka kuota.

Ninachojua mimi ni kwamba huku kwetu Mang'ola kuna shamba moja nanunuaga mzigo, ukitaka kuongea na simu lazima uende kwenye mgunga mmoja uko nyuma ya banda la kufungashia. Wenyewe wamepigilia mfuko wa nailoni kwenye shina, unaweka simu humo alafu unasubiri meseji ziingie, ukiitoa tu inasoma hakuna mtandao. Watu wanapanga foleni kabisa, kuna benchi. Kwa iyo siwezi kumkatalia jamaa moja kwa moja lakini pia nimeendesha barabara nyingi za Bongo na mtandao upo.

Naombeni mnijuze, kiukweli kabisa bila ushabiki wa nchi, wapi mtandao umesambaa zaidi? Na hii safari nibebe laini zipi maana dereva lazima apatikane, mzigo unaoza.

MzeeWaFaru:

Tanzania number one. Tunao mtandao mpaka mlima Kilimanjaro, nyie mnao mlima gani wenye intaneti? Uzi ufungwe.

DerevaWaUsiku:

@MzeeWaFaru mlima sio barabara mzee wangu. Ni kweli TTCL waliweka intaneti ya kasi Horombo mwaka 2022, pale mita 3,720, na ni jambo zuri kwa wageni na wapagazi. Ila mimi nikipata pancha kati ya Itigi na Rungwa usiku wa manane hiyo intaneti ya Horombo inanisaidia nini.

Nimeendesha malori miaka kumi na moja, Bongo nzima, Kenya nimeingia mara nyingi, Rwanda, Zambia, Kongo ya Lubumbashi. Ngoja nikwambie nilivyoona kwa macho. Tanzania barabara kuu zina mtandao, Dar mpaka Mbeya unashika karibu njia yote, hata pale ndani ya Mikumi ambapo zamani ilikua unakata simu unaaga kabisa "naingia mbugani tutaongea nikitoka". Arusha Babati Kondoa Dodoma nayo safi siku hizi. Shida inaanza ukitoka kwenye lami. Itigi kwenda Rungwa mpaka Chunya, kule Tunduru ndani ndani, Kaliua kuelekea Mpanda vipande vipande. Na shida kubwa zaidi ni kwamba kila mtandao una sehemu zake. Kuna kijiji unafika laini A inasoma nyavu zote laini B imekufa kabisa, unaenda kilomita thelathini mbele inageuka, B inafufuka A inakufa. Ndo maana dereva yeyote wa Bongo ukimpekua ana laini tatu mpaka nne, na kitochi kimoja cha laini mbili kwenye dashibodi.

Kenya nilikokua napita, yaani Mombasa Nairobi Nakuru Malaba, laini moja tu ya Safaricom nilikua nayo na sikumbuki kukaa nusu saa bila mtandao, hata pale Tsavo. Kwa iyo jamaa yako hajakosea kwa anakopajua yeye. Ila Marsabit sijafika, hapo nawaachia wenyeji.

FundiMnara:

Uzi mzuri huu. Nimefanya kazi kwa mkandarasi wa minara miaka sita, nimefunga antena kuanzia Kigoma mpaka Lindi, na miezi michache nilikopeshwa kwa kampuni ya Kenya tukafanya kazi Kajiado na Narok. Nitajaribu kueleza kwa nini mteja wako na wewe wote mko sahihi.

Kwanza mkiona kampuni yoyote imetangaza "tumefikia asilimia 95" muulize asilimia 95 ya nini. Karibu siku zote ni ya WATU sio ya ARDHI. Maana yake wanahesabu wanaoishi mahali ambapo mawimbi yanafika. Sasa angalia. Kenya ina eneo la kilomita za mraba kama laki tano na themanini elfu, sensa yao ya 2019 ilikuta watu milioni 47 na ushee. Lakini hao watu wamejazana kwenye kipande, kuanzia pwani, Nairobi, mlima Kenya, bonde la ufa mpaka ziwa Viktoria. Robo tatu nzima ya nchi na zaidi ni kame, watu wachache. Kwa iyo kampuni ikijaza minara kwenye hicho kipande imeshawapata karibu watu wote, na kwenye karatasi inaonekana nchi nzima imefunikwa.

Tanzania ni laki tisa na arobaini na ushee, sensa ya 2022 tulikua milioni 61.7. Sisi watu wetu wamekaa pembeni pembeni kama wali uliogandia sufuria. Pwani huku, Kanda ya Ziwa kule, kaskazini Arusha na Kilimanjaro, kusini Mbeya na Njombe, katikati pamepwaya, na karibu theluthi ya ardhi ni hifadhi na mapori ya akiba. Kuunganisha hizo pembe unahitaji minara mingi inayohudumia watu wachache, na mnara wa kijijini ni hasara mpaka pale utakapopata wa kuulipia. Ndo ukaona serikali ikaunda Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, UCSAF, sheria yake ya 2006, kazi yake ni kuongezea kampuni hela ili zikubali kwenda sehemu ambazo hazina faida. Mwaka 2023 pale Dodoma ilisainiwa mikataba ya minara 758 kwenye kata 713 kwa mkupuo mmoja. Kenya nao wana mfuko kama huo chini ya Mamlaka yao ya Mawasiliano, na hela nyingi imeelekezwa huko huko kaskazini unakokwenda.

Pili, soko. Kenya Safaricom peke yake ana karibu theluthi mbili ya laini zote, huyo mkubwa ana hela ya kujenga kila mahali, na akijenga mmoja umepata mtandao, umemaliza. Bongo hakuna mwenye hata nusu, Vodacom ana kama theluthi, nyuma yake Yas ambayo ndo ile Tigo iliyobadilishwa jina Novemba 2024, Airtel, Halotel, alafu TTCL. Halotel walivyoingia 2015 walianzia vijijini kabisa ambako wenzao walikua hawataki kwenda, ndo mana mpaka leo kuna kata ukifika unakuta wazee wote wana namba za 062. Sasa mtandao wetu ukiujumlisha wote kwa pamoja sio mdogo hata kidogo, ila umegawanyika mikononi mwa watu wanne watano. Kwa ufupi wa kifundi, Kenya laini moja inakutosha mpaka pale nchi inapoisha kuwa na watu, Tanzania unahitaji mbili ili upate kile ambacho Mkenya anakipata kwa moja.

Tatu kuhusu huo mgunga wako wa Mang'ola. Hapo sio kwamba hakuna mnara, mnara upo mbali au umezibwa na mwinuko, kuna kijisehemu mawimbi yanapenya. Masafa ya chini kama ya megahezi 900 yanakwenda mbali na yanapenya, ya juu kama 2100 au 2600 yanabeba data nyingi ila yanaishia karibu. Ukiwa hapo kwenye mgunga ingia kwenye setingi uondoe 4G uweke 2G tupu, utashangaa simu inapigika hata mita hamsini kutoka hapo. Ila ata hiyo 2G ina kikomo, kwa kawaida ukivuka kilomita 35 kutoka kwenye mnara simu inaweza ikauona na isiweze kuongea nao, mfumo wenyewe ndo ulivyotengenezwa, haijalishi umepanda mti gani.

VitunguuSwaumu:

@FundiMnara mkuu umenifungua. Ya 2G nitaijaribu wiki hii hii. Hivi kwa nini huku kwetu mnara unakuwepo mchana ikifika saa saba usiku unakata mpaka asubuhi?

FundiMnara:

Umeme. Kama kijiji hakina gridi mnara unaishi kwa sola na betri, au jenereta. Betri zikichoka zinashindwa kufika asubuhi, au mafuta yameisha na gari la mafuta limekwama kwenye tope. Mimi nimeshakaa kijijini siku mbili nasubiria dizeli, mwenyekiti wa kijiji kila saa anakuja kuniuliza "kijana umeme wa simu lini", na nyumba ya karibu na mnara wanachaji simu kwenye waya walioutoa wenyewe wanajua walikoutoa.

Mtoto wa Laisamis:

Habari ndugu zangu wa Tanzania. Mimi niko Marsabit County, naandika kutoka Laisamis yenyewe na sahizi niko na 4G vizuri kabisa kwa hivyo msidhani tunaishi mwezini.

@VitunguuSwaumu huyo customer wako wa Nairobi hajawahi kuvuka Isiolo, wacha nikuambie. Wanairobi wanadhani Kenya inaisha Nanyuki. Barabara yako itakuwa Isiolo, Archers Post, Merille, hapa kwetu Laisamis, Logologo, halafu Marsabit town. Ni lami nzuri siku hizi, zaidi ya kilomita 250 kutoka Isiolo. Ukiwa ndani ya hizo town uko na network, ukitoka kilomita kadhaa inaanza kushuka, 4G inakuwa 3G, inakuwa ile herufi E, halafu hakuna kitu, unaona tu ngamia na jua. Halafu ghafla unaona busta, yaani mnara wa simu, kwenye kilima na simu inaanza kulia meseji kumi kwa mara moja. Kwa lori iliyobeba mzigo vipande hivyo vinaweza kuwa dakika ishirini, thelathini, inategemea.

Hiyo ni kwa lami. Ukitoka kwa lami ukaenda Korr, Kargi, North Horr, huko unakutana na kijiji kiko na busta moja, ikizima imezima, mpaka technician atoke mbali. Kaunti yetu ni moja ya zile kubwa kabisa Kenya na watu hatujafika hata laki tano kwa sensa ya 2019, sasa nani ataweka busta kila kilomita kumi kwa ajili ya ngamia? Na hapa ni afadhali kwa sababu ni amani. Kule Mandera, Wajir na sehemu za Garissa, Al-Shabaab wamekuwa wakilipua hizo busta kusudi watu wasipige simu kuita polisi, kuna vijiji vimekaa bila network muda mrefu sana. Kwa hivyo Kenya ziko mbili, ile ya huyo customer wako na hii yetu.

Ushauri: beba mulika mwizi. Usicheke. Smartphone ikitafuta network njiani inamaliza charge kabla ya Merille, mulika mwizi inakaa siku nne na inashika 2G mahali smartphone imekata tamaa.

VitunguuSwaumu:

Mulika mwizi ndo nini sasa

Mtoto wa Laisamis:

Ile simu ndogo ya button iko na tochi. Unamulika mwizi usiku.

DerevaWaUsiku:

Hahahaha kumbe. Huku tunaita kitochi, na ile yenye mlio mkubwa wa kutisha tunaita kiswaswadu. Tochi moja majina matatu.

Bint Longido:

Kaka pole na safari, mimi niko Namanga upande wa Tanzania, ni wakala wa kutuma na kutoa pesa, nataka nikueleze kitu ambacho hao wote hawajakigusa nacho ni hapa mpakani.

Hapa mitandao ya nchi mbili inagongana. Duka langu lina mlango mbele na nyuma kuna jiko dogo la kupikia chai. Nikikaa mlangoni simu ya kazi iko Tanzania, nikienda nyuma kuangalia chai hatua nne tano tu inaniandikia karibu Kenya. Nimeweka stuli pale mlangoni na kwenye sakafu nimechora mstari wa chaki, wateja wanajua nisivuke huo mstari nikiwa katikati ya muamala, maana ukiwa umeanza menyu ya kutuma pesa simu ikahama nchi muamala unakatika, mteja anabaki ananitolea macho na hela yake haijulikani iko wapi. Siku ya kwanza nafungua duka sijajua hayo mambo niliacha data imewashwa usiku, asubuhi salio la elfu nane halipo, limeliwa na intaneti ya ng'ambo wakati mimi nimelala Tanzania.

Kwa iyo ukifika hapa ingia kwenye setingi, sehemu ya kuchagua mtandao, ondoa ile ya kujichagulia yenyewe uchague mwenyewe kwa mkono. Na data ukiwa ng'ambo izime kabisa kabla hujafika Longido, usisubiri geti.

Alafu watu watakwambia Afrika Mashariki tuna mtandao mmoja. Ule mpango wa kupunguza gharama za kupiga ukiwa nchi jirani ulianza 2014 kwa Kenya, Uganda na Rwanda, sisi hatukuwemo. Usiwe mtu wa kuambiwa hivyo ukaenda kupiga simu masaa.

MzeeWaFaru:

Wa siku nyingi tunakumbuka Celtel 2006, laini yako ya Bongo unapiga Nairobi na Kampala kama uko nyumbani, unaweka ata vocha ya kule kule. Sijui tulipotelea wapi. Na kabla ya hapo ukitaka kupiga Kenya unaanza na 005, wao wakitupigia sisi wanaanza na 007. Vijana hamjui.

Bint Longido:

Shikamoo mzee, hilo la 005 baba yangu bado anapiga hivyo hivyo mpaka leo, kwenye daftari lake hakuna namba yenye alama ya kujumlisha.

MzeeWaFaru:

Marahaba binti. Mwambie nimemsalimia.

Kijana wa Kitengela:

Mimi ndio kama huyo customer anayesemwa hapa, nikae kimya ama niongee 😂

Okay niongee. Watu wa Laisamis wamesema ukweli sina ubishi. Lakini kuna kitu kingine, coverage si kuona tu bars kwa simu. May 2024 zile cable za baharini za EASSy na SEACOM zilikatika upande wa Afrika Kusini. Huku tulisumbuka, video zikawa zinazunguka, lakini kazi iliendelea juu tuko na cable zingine kama TEAMS inayoenda Fujairah huko UAE. Jamaa yangu alikuwa Dar hiyo wiki alinipigia akaniambia network iko full, 4G imeandikwa, lakini WhatsApp haitumi hata neno moja. Sasa hiyo utaiita coverage?

Pia nikisema tena, 4G Safaricom walianza Desemba 2014, Nairobi na Mombasa, na saa hii wanasema imefikia zaidi ya asilimia 95 ya watu. Ndio, watu, nimesoma ya Fundi, nimeelewa, si ngamia.

FundiMnara:

@Kijana wa Kitengela hiyo ya kebo ni hoja ya maana na nakubali, Tanzania tuliumia zaidi ile wiki. Mnara wangu kijijini unaweza ukawa mzima, umeme upo, mawimbi yapo, lakini nyuma yake kama bomba la kwenda nje limepasuka ni sawa na kuwa na bomba la maji lisilo na maji. Ila angalia kwamba kupiga simu na kutuma pesa ndani ya nchi kuliendelea, na kwa huyu muuza vitunguu hilo ndo la msingi. Hajaomba video.

Kwenye 5G hatujaachana sana, Vodacom Tanzania alizindua Septemba 2022, Safaricom akafuata kibiashara Oktoba. Sema 5G ni mambo ya mjini, ukitoka nje ya mji mkubwa sahau, nchi zote mbili.

DerevaWaUsiku:

Nyongeza kidogo kwenye suala la pesa. Bongo hata ukiwa na laini nne haikuumizi sana kwa sababu kutuma pesa mtandao kwenda mtandao tulianza mapema, 2014 huko, Kenya wao mpaka 2018. Na Safaricom kwenda Vodacom M-Pesa inavuka mpaka tangu 2015. Kwa iyo mteja wako wa Marsabit anaweza akakutumia moja kwa moja ingawa kuna makato, pigeni hesabu kwanza kabla hujapakia.

Laini za kubeba mimi ningesema hivi: Bongo mbili, moja kubwa na moja ya vijijini, ukivuka Namanga unasajili Safaricom kwa pasipoti yako na ya dereva kila mtu na yake, usitumie iliyosajiliwa na mtu wa barabarani.

Mtoto wa Laisamis:

Na ongeza laini ya pili ya Kenya ya Airtel kwa hiyo mulika mwizi. Si kwamba ni bora, mara nyingi si bora huku, lakini busta ya mmoja ikizimika ya mwingine inaweza kuwa inafanya. Sisi wenyewe tunabeba mbili siku hizi, hivyo ile ya kusema Kenya laini moja inatosha iishie Isiolo.

FundiMnara:

Imeishia Isiolo, nimerekebisha.

VitunguuSwaumu:

Wakuu nimerudi, ni kama wiki mbili zimepita nilisema nitaleta mrejesho na mimi sio mtu wa kuacha uzi ukining'inia.

Nilipanda mwenyewe na dereva, nikabeba daftari nikawa naandika kila simu inapopotea na inaporudi, nikajifanya mtafiti. Kutoka shambani Mang'ola mpaka Karatu laini ya kwanza ilipotea mara tatu, ya pili mara moja, lakini kwa pamoja hakuna wakati zote zilipotea zaidi ya dakika sita. Na ule ujanja wa 2G nimeupima pale shambani, nimetoka kwenye mgunga nimetembea mpaka kwenye tenki la maji naongea na mke wangu anasikia vizuri. Wale wazee wa kwenye benchi wakaniangalia kama mchawi, nikawafundisha wote, sasa benchi halina watu.

Karatu Arusha Namanga hakuna la kusema. Namanga nilizima data kabla ya Longido kama nilivyoambiwa, dereva wangu akasahau, akaliwa elfu tatu na mia mbili kabla hatujapiga muhuri.

Namanga Nairobi, Nairobi Nanyuki Isiolo, sikuandika kitu kwenye daftari. Kurasa tupu kabisa. Mteja wangu alikua ananipigia kila nusu saa kunicheka, "bado uko na network?"

Baada ya Archers Post ndo nikaanza kuandika tena. Kabla ya Merille dakika kumi na nane hakuna laini yoyote. Kati ya Laisamis na Logologo kuna kipande cha dakika ishirini na tano, na humo humo ndo tairi ya nyuma ikaamua kupasuka. Tumekaa pale saa moja na nusu, simu kubwa ya dereva imekufa chaji inatafuta mtandao, yangu nayo hamna kitu. Nikakumbuka mulika mwizi. Nikapanda juu ya mzigo, juu kabisa ya turubai, nikainua mkono, ikashika kimoja. Kimoja tu. Ya Airtel. Nikampigia mteja wa Marsabit akatuma mtu na jeki kubwa, tukafika saa mbili usiku, vitunguu vizima isipokua magunia mawili ya chini.

Malipo yalikuja kwa simu mpaka Tanzania, makato yaliniuma ila hela niliipata kabla sijamaliza chai.

Nimemwonyesha mteja wangu wa Nairobi lile daftari. Amesoma ukurasa wa Archers Post kwenda juu, akaniuliza hizi sehemu ziko Kenya kweli.

Bint Longido nilipita kwako kurudi, duka limefungwa, ila nimeuona mstari wa chaki.

Bint Longido:

Jamani kaka nilikua nimeenda kuchukua pesa benki! Ungepiga.

VitunguuSwaumu:

Nilipiga. Ulikua haupatikani 😂

Bint Longido:

Nilivuka mstari basi